Mwenye Kuwatunza Wengine, Atunzwe na Nani?



Wazee wetu walisema, "Mganga hajigangi," na tena, "Kinyozi hajinyoi." Methali hizi twazisikia tangu utoto, na mara nyingi twazicheka tu, tukimwaza kinyozi mwenye nywele ndefu. Lakini ndani yake mna swali zito, nalo lawahusu wote waliowekwa kuwa wakubwa wa watu: mzee wa usharika, mwalimu wa shule, mkuu wa wauguzi, msimamizi wa kazi, hata baba na mama nyumbani mwao. Swali ndilo hili: mtu aliyepewa kazi ya kuwatunza wengine, je, ana haki ya kujitunza mwenyewe wakati watu wake wanapotaabika? Au kila anachojipa nafsi yake amewaibia wale aliokabidhiwa?

Wako wanaojibu upesi. Wengine husema kwamba mkubwa mwema hujisahau kabisa: hula mwisho, hulala mwisho, wala hasemi kwamba amechoka. Wengine husema kwamba mkubwa hana budi kujiangalia kwanza, maana akianguka yeye, wote wameanguka. Majibu yote mawili yana kweli ndani yake, na yote mawili yana hatari. La kwanza laweza kumwua mtu mwema. La pili laweza kumpa mchoyo kisingizio. Basi yafaa tulifikiri jambo hili polepole, tukitazama mambo yaliyotokea kweli, tusije tukahukumu kwa maneno matupu.

Tumechagua kulitazama katika majira ya baridi ya nchi za mbali, kwa sababu huko swali hili huonekana wazi kuliko pengine. Sisi tukaao karibu na ikweta twaijua baridi ya kipupwe, na wenyeji wa Makete na Njombe wanaijua sakitu inayoganda juu ya majani asubuhi. Walakini jua letu halitutupi. Hucha na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. Katika nchi za kaskazini sivyo. Mjini Tromsø, katika Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari. Hata Stockholm na Helsinki, miji iliyo kusini zaidi, mwezi wa Desemba mchana wake ni wa saa 6 hivi tu. Ndugu zetu wengi waliokwenda huko kwa masomo au kwa kazi wametoka nyumbani gizani na kurudi gizani, siku baada ya siku.

Giza hilo haliishii machoni. Watu wengi huona usingizi mwingi usiowaburudisha, mwili mzito, hamu ya kazi iliyopungua, na huzuni isiyo na sababu iliyo wazi. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake, madaktari wa Marekani, waliandika habari za ugonjwa wa huzuni unaokuja kila mwaka pamoja na baridi na kuondoka siku zinapokuwa ndefu tena, wakaonyesha kwamba mwanga mkali huweza kuwasaidia wagonjwa. Si wote wanaoshikwa na ugonjwa huo, lakini wote hupungukiwa na mwanga. Na hapo ndipo kiongozi ajaribiwapo. Wakati wa njaa mkubwa aweza kuwa na ghala lake. Wakati wa vita aweza kuwa na ngome yake. Lakini giza likija halichagui. Yeye naye amepungukiwa siku ile ile ambayo watu wake wanamtazamia awatie nguvu.

Tuanze na habari ya merikebu iliyoitwa Belgica. Ilitweka katika bandari ya Antwerp, nchi ya Ubelgiji, mwezi wa Agosti 1897, kwenda kuchunguza nchi za barafu zilizo kusini kabisa mwa dunia. Mkuu wa safari alikuwa Adrien de Gerlache, afisa wa bahari mwenye umri wa miaka 31. Chini yake alikuwa Georges Lecointe, Mbelgiji mwenzake. Tena Mnorwe Roald Amundsen, yule ambaye mwaka 1911 aliwatangulia watu wote kufika kwenye ncha ya kusini. Na tabibu wao alikuwa Mmarekani, Frederick Cook. Mwanzoni mwa Machi 1898 barafu ya bahari iliishika merikebu pande zote, isiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Watu 18 wakawa hawana la kufanya ila kungoja. Huko kusini majira ya baridi huwa katikati ya mwaka: katikati ya Mei jua lilizama, wala hawakuliona tena hata Julai ilipokaribia kwisha.

Kabla yao hakuna watu waliopata kukaa majira ya baridi ndani ya barafu ile, kwa hiyo hakuna aliyejua yatakayowapata. Nyuso zao zilibadilika rangi, miguu ikavimba, moyo wa mtu ukawa wenda mbio kwa kazi ndogo tu. Wengine hawakuweza kulala; wengine akili zao zilivurugika. Tarehe 5 Juni alikufa Emile Danco, ambaye moyo wake ulikuwa dhaifu tangu zamani. Leo twajua kwamba pamoja na giza walikuwa wameshikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Lakini mwaka 1898 hata neno lenyewe, vitamini, lilikuwa halijatungwa bado.

Tabibu Cook hakuwa na dawa ya ugonjwa huo katika sanduku lake. Akatazama, akafikiri. Aliona kwamba vyakula vya makopo vinawachosha watu, akataka wale nyama mpya ya sili na ya pengwini, ndege wale wasioruka. Aliona kwamba wamekosa jua, akawakalisha wagonjwa mbele ya jiko lenye moto mkali, nguo zimevuliwa, ili mwanga na joto viwaguse. Aliona kwamba wamelala mno, akawatoa nje watembee kuizunguka merikebu. Hakuna katika mambo haya lililokuwa la gharama. Nyama ilikuwa tele juu ya barafu, moto ulikuwapo, njia ilikuwapo.

Ila palikuwa na kizuizi kimoja. De Gerlache aliichukia mno nyama ile, hata hakutaka kuitia kinywani. Amundsen, katika kitabu alichokitoa mwaka 1927, aliandika kwamba mkuu wao hakuikataa kwa nafsi yake tu, bali aliwakataza na wengine. Basi ugonjwa ukazidi. De Gerlache na Lecointe wakalala hoi, na Amundsen aandika kwamba wote wawili waliandika wasia wao. Ndipo Lecointe alipokubali kufuata maagizo ya tabibu, akaanza kupata nafuu. Na de Gerlache naye akakubali. Afya ikarudi merikebuni. Watu wale wale waliokuwa wamelegea wakaweza baadaye kuikata barafu kwa misumeno muda wa majuma mengi, wakifungua njia, hata merikebu ikatoka katika barafu tarehe 14 Machi 1899.

Hatulisemi jambo hili ili tumlaumu de Gerlache. Alikuwa mtu shujaa, na alichokikataa hata sisi pengine tungekikataa. Lakini twaona neno moja kubwa. Pengine alidhani kwamba chakula atiacho kinywani mwake ni shauri lake mwenyewe. Mtu wa chini aweza kusema hivyo, mkubwa hawezi. Akikataa dawa, ameifanya dawa kuwa kitu cha kukataliwa. Hata kama hasemi neno, baharia aliye kitandani atajiuliza, "Ikiwa bwana mkubwa haili, mimi nile kwa nini?" Basi kutojitunza kwake hakukuwa sadaka kwa ajili ya watu wake. Kulikuwa amri juu yao, ijapokuwa hakukusudia.

Sasa tutazame habari ya pili. Mwezi wa Januari 1915 merikebu Endurance, yenye watu 28 chini ya Ernest Shackleton, ilishikwa na barafu ya Bahari ya Weddell, upande ule ule wa kusini. Walikaa ndani yake majira yote ya baridi. Mwezi wa Oktoba barafu iliivunja, wakatoka wakapiga hema juu ya barafu. Mwezi wa Novemba ikazama. Katika hali hiyo palikuwa na mifuko ya kulalia ya namna mbili: 18 ya manyoya, yenye joto, na iliyosalia ya sufu, iliyo duni. Kura ikapigwa. Lakini mabaharia walitambua upesi kwamba kura ile ilikuwa na hila ya wema ndani yake, maana mifuko mizuri iliwaangukia wao, na ile ya sufu iliwaangukia Shackleton na maafisa wake.

Mwaka uliofuata Shackleton na wenzake 5 walivuka bahari kali kwa mashua kwenda kutafuta msaada. Frank Worsley, aliyekuwa nahodha wa Endurance, amesimulia kwamba katika safari ile Shackleton alipomwona mmoja anatetemeka kupita wengine, aliamuru wote wapewe kinywaji cha moto. Hakumtaja aliyetetemeka, asije akaona haya, au akadhani kwamba amekuwa mzigo kwa wenzake. Hapa twaona busara ya namna ya pekee: dhaifu alisaidiwa bila kuaibishwa, na wenye nguvu, mkubwa akiwamo, walikunywa kikombe kile kile.

Watu wote 28 wa merikebu ile walirudi hai. Kwa hiyo wengi humtaja Shackleton kuwa kielelezo cha kiongozi mwenye kuwatunza watu wake, na kwa haki. Lakini habari yake haikwishia hapo. Mwaka 1921 alisafiri tena kwenda kusini, katika merikebu Quest. Walipokuwa Rio de Janeiro, mwezi wa Desemba, alishikwa na ugonjwa ulioonekana kuwa wa moyo. Tabibu wake, Alexander Macklin, ambaye alikuwa pamoja naye tangu siku za Endurance, alitaka kumpima, Shackleton hakukubali. Tarehe 5 Januari 1922, katika kisiwa cha South Georgia, alikufa ghafula, umri wake miaka 47. Frank Wild, msaidizi wake, akalazimika kuuchukua mzigo wa safari ile katikati ya bahari.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mtu huyu aliyeona mtetemeko wa kila mtu mashuani hakumruhusu rafiki yake ausikilize moyo wake mwenyewe. Hatujui kama kupimwa kungalimponya. Madaktari wa siku zile hawakuwa na dawa nyingi za moyo. Lakini twajua hili, kwamba wale aliowapenda hawakupewa nafasi ya kumfanyia yale aliyowafanyia wao.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, jibu la swali letu laanza kuonekana. Shackleton alifanya vema kuchukua mfuko ulio duni; alifanya vibaya kumkataa tabibu. Mbona matendo haya mawili yafanana, na moja ni jema na jingine si jema? Katika yote mawili alijinyima. Tofauti iko katika kitu chenyewe alichojinyima. Mfuko wa manyoya ni fungu: nikiuchukua mimi, mwingine ameukosa. Kupimwa na tabibu ni dawa: nikipimwa mimi hakuna aliyepunguziwa kitu, na nisipopimwa, wengi watapata hasara. Katika mafungu kiongozi awe wa mwisho. Katika dawa awe pamoja na wote, na pengine awe wa kwanza, ili wengine wasiogope wala wasione haya.

Mtu ataweza kutuuliza, "Na kama dawa nayo ni haba? Jiko lilikuwa moja tu katika Belgica. Wote wasingaliweza kulikalia kwa mara moja." Swali hili ni la haki. Jibu lake ni neno tunalolijua sote, yaani zamu. Kinachotakiwa na wote nacho ni kidogo, kigawanywe kwa zamu, aliye mgonjwa zaidi atangulie, na mkubwa awe na zamu yake kama wengine. Asiiongeze, maana huo ni uchoyo. Lakini wala asiiruke. Mkubwa anayeiruka zamu yake huonekana mwema siku ya kwanza. Siku ya pili amekwisha kuwafundisha watu kwamba zamu ni ya wanyonge, na mtu wa tatu ataona haya kuikalia yake.

Lakini liko shauri jingine lenye uzito zaidi, nalo twapaswa kulisikiliza. Watu husema, "Kiongozi akionyesha unyonge wake, atavunja mioyo ya wote. Afadhali anyamaze." Ndiyo, kuna kweli hapa, na Frank Wild ni shahidi wake. Shackleton alipoondoka kwa mashua mwezi wa Aprili 1916, Wild aliachwa katika Kisiwa cha Elephant na watu wengine 21. Walizipindua mashua 2 zilizobaki juu ya kuta za mawe, wakakaa chini yake majira yote ya baridi, zaidi ya miezi 4. Wild hakujua kama mashua ya Shackleton imefika au imezama. Hata hivyo, kila bahari ilipofunguka kidogo, asubuhi aliwaambia watu wafunge mizigo yao, kwa kuwa huenda bwana mkubwa akaja leo. Tarehe 30 Agosti akaja kweli, katika merikebu ndogo ya serikali ya Chile iitwayo Yelcho, akawakuta wote hai.

Je, Wild aliwadanganya? Hatudhani hivyo. Hakusema, "Atakuja leo." Alisema kwamba huenda akaja, nalo ndilo tumaini, si uongo. Kila mtu chini ya mashua zile alikuwa na hofu yake. Kama Wild angaliimwaga hofu yake juu ya hofu zao, asingalimfaa mtu. Basi twasema kwamba kiongozi anaweza kuizuia hofu yake mbele ya mkutano. Lakini kuzuia hofu ni jambo moja, na kuficha ugonjwa ni jambo jingine. Hofu ya leo huenda ikapita kesho. Ugonjwa uliofichwa hukua gizani. Kwa hiyo si lazima kiongozi awaambie wote yote, yampasa awe na mmoja au wawili ambao wanaijua hali yake kamili, nao wana ruhusa ya kumwambia, "Sasa keti chini." Asiye na mtu wa namna hiyo amekwisha kuingia hatarini, hata akijiona ana nguvu.

Habari ya tatu si ya zamani sana. Katika ncha ya kusini yenyewe kuna kituo cha Wamarekani cha wachunguzi wa elimu. Usiku wake ni wa miezi 6 mfululizo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ni nadra sana eropleni kutua kwa ukali wa baridi. Mwaka 1999 walikaa huko watu kama 40, na tabibu wao alikuwa mmoja tu, Jerri Nielsen. Katika majira yale ya baridi aliona uvimbe katika titi lake. Hapo methali yetu ilitimia kwa neno lake lenyewe: mganga hakuwa na mganga.

Angaliweza kunyamaza mpaka ndege zianze kutua tena. Lakini alilifunua jambo lake. Wenzake, ambao kazi zao zilikuwa nyingine kabisa, walifundishwa naye jinsi ya kumsaidia kutoa kipande kidogo cha uvimbe ule ili kichunguzwe. Madaktari wa Marekani walimshauri kutoka mbali. Mwezi wa Julai eropleni ilipita gizani na kuangusha dawa na vyombo. Wenzake wakamsaidia kutiwa dawa za saratani. Mwezi wa Oktoba eropleni iliweza kutua, ikamchukua. Aliishi miaka 10 zaidi, akafa mwaka 2009. Wala hatusikii kwamba watu wa kituo kile walimdharau kwa sababu tabibu wao amekuwa mgonjwa. Waliona kwamba wao nao wanaweza kumtunza.

Hapo ndipo methali ya wazee yafunguka. "Mganga hajigangi" haina maana ya kwamba mganga asigangwe. Maana yake ni kwamba hataweza kujiganga peke yake, kwa hiyo na agangwe na mwenzake. Kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi mwerevu huinama mbele ya kinyozi mwenziwe. Ninyi mnaokisoma Kitabu cha Kutoka mwakumbuka kwamba Musa mikono yake ilipochoka, hakuambiwa aikaze kwa nguvu zake mwenyewe. Aliwekewa jiwe akaketi, na ndugu wawili wakaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu.

Sasa tuyalete haya kwa wale walio na watu chini yao katika nchi za baridi siku hizi, wakiwamo ndugu zetu walioko huko, maana baadhi yao ni wakuu wa wauguzi, wasimamizi wa ofisi, waalimu na waongozi wa kwaya.

Kwanza, dawa za majira ya giza zajulikana, na nyingi ni rahisi kama zile za Cook. Mtu atoke nje wakati wa adhuhuri, hata kama mbingu zimefunikwa na mawingu, kwa kuwa mwanga wa nje wazidi sana ule wa taa za nyumbani. Atembee. Ale vizuri, alale kwa saa zake. Wako wanaosaidiwa na taa maalum yenye mwanga mkali sana, ambayo mtu hukaa mbele yake karibu nusu saa asubuhi. Na huzuni ikizidi au ikakaa siku nyingi, mtu aende kwa daktari, kama aendavyo kwa homa. Basi msimamizi asiyatangaze haya tu. Ayafanye mbele ya watu. Msimamizi awaambiaye watu wake waende nyumbani mapema, naye dirisha lake lina taa hata saa 4 za usiku, amefanya kama yule asiyekula nyama. Watu hawatalisoma tangazo lake, watalisoma dirisha lake.

Pili, achukue mafungu yaliyo duni. Zamu ya usiku wa Krismasi, kiti kilicho mbali na dirisha, kazi ya kufungua mlango alfajiri wakati wa theluji: hayo ni mifuko ya sufu, nayo yamfaa mkubwa. Asiyatangaze. Shackleton hakusema neno juu ya kura yake. Watu waliona wenyewe.

Tatu, amsaidie dhaifu bila kumwaibisha. Akimwona mmoja amelegea, pengine dawa nzuri ni kuwapa wote kitu kile kile: kazi ianze saa moja baadaye kwa wote, au wote watoke nje pamoja mchana. Kisha azungumze na yule mmoja faraghani. Mgeni aliyetoka katika nchi zetu, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kuliona giza hilo, huenda asijue kwamba uzito ulio moyoni mwake wawapata wengi. Pengine adhani amelogwa, au kwamba amekuwa mvivu. Kumwambia tu kwamba wenyeji nao huona hivyo ni msaada mkubwa.

Nne, na hili ndilo gumu, awe na tabibu wake. Hatusemi daktari peke yake. Twasema mtu mmoja aliyepewa haki ya kumwambia kweli. "Ukubwa ni jaa," walisema wazee, na jaa hupokea takataka za wote. Lakini hata jaa lisipochomwa hufurika. Mtu huyo si lazima awe mkamilifu. Cook mwenyewe baadaye alianguka: mwaka 1923 alihukumiwa kifungo huko Marekani kwa udanganyifu katika biashara ya mafuta. Hata hivyo mwaka 1926 Amundsen, aliyekuwa mtu mashuhuri duniani kote, alikwenda kumtazama gerezani. Hakusahau ni nani aliyewalisha nyama ile walipokuwa wakifa.

Labda msomaji atasema, "Kwetu hakuna giza la miezi miwili." Ni kweli. Lakini ninyi mlio wakubwa wa watu, mnazijua siku ambazo wote wamechoka pamoja, nao wote wanawatazama ninyi. Siku hizo jiulizeni maneno mawili kabla hamjajinyima kitu. Je, nikikichukua hiki, kuna atakayekikosa? Ikiwa ndivyo, mwachieni. Je, nikikikataa hiki, kuna atakayeona haya kukichukua? Ikiwa ndivyo, kichukueni, tena mkichukue mbele yake.